Tairi la bei ndogo hula faida ya mzigo

Mfanyabiashara wa Makuyuni, wilayani Korogwe, anayepeleka mahindi sokoni kwa gari lake dogo huhesabu mafuta, ushuru na vibarua. Tairi halimo katika hesabu mpaka lipasuke. Hapo magunia hushushwa kando ya barabara kuu ya Segera hadi Moshi, gari la kukodi hutafutwa, na tairi hununuliwa siku hiyo hiyo kwa bei yoyote itakayotajwa.

Zamani uchaguzi ulikuwa mwepesi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa Serikali na kampuni ya General Tire ya Marekani, kilitengeneza matairi humu humu nchini. Mbia huyo alinunuliwa na Continental ya Ujerumani mwaka 1987, na uzalishaji ukasimama mwaka 2009. Soko sasa ni la matairi kutoka nje, mapya na ya mitumba, na kazi ya kukagua imebaki kwa mnunuzi.

Bei ya dukani peke yake haitoshi. Kwa mfano, tairi jipya la shilingi 200,000 likienda kilomita 50,000, kila kilomita imegharimu shilingi 4. La mtumba la shilingi 90,000 likiisha kwa kilomita 15,000, ni shilingi 6. Gari linalotembea kilomita 30,000 kwa mwaka kwa matairi manne litakuwa limekula shilingi 240,000 zaidi kwa kutumia mitumba, na hapo pancha hazijahesabiwa.

Maandishi ya ubavuni ndiyo yanayostahili kusomwa kwanza. Katika 185/70 R14 88T, 185 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Kwa mchukuzi wa mizigo namba kubwa kuliko zote ni 88: maana yake tairi moja hubeba kilo 560. Matairi mawili ya nyuma hubeba kilo 1,120. Ikiwa gari tupu huweka kilo 500 nyuma, zimebaki 620, yaani magunia sita ya kilo 100, bila abiria. Lumbesa haina nafasi katika hesabu hiyo, na springi na ekseli huenda zikachoka mapema zaidi. Pikapu na mabasi madogo yatafutiwe tairi lenye herufi C, kama 195 R14C 106/104, ambalo moja hubeba kilo 950.

Umri nao umeandikwa. Mwishoni mwa alama ya DOT kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kwa bei yoyote, hata kama kashata zake zinang'aa. Wauzaji wa mitumba hupenda kupaka rangi nyeusi. Nyufa za ubavuni huonekana tairi likikunjwa kidogo.

Kabla ya kufunga jipya, lile la zamani lichunguzwe. Likiwa limelika katikati, upepo ulizidi. Likilika pande zote mbili, ulipungua. Likilika upande mmoja tu, kasoro huwa kwenye alaimenti, na tairi jipya litakwenda njia hiyo hiyo. Fedha zikitosha mawili tu, yafungwe nyuma, kwani gari likiteleza nyuma wakati wa mvua ni vigumu kulirudisha.

Rimu ya chuma ikipinda, fundi huweza kuinyoosha. Ya aloi huweza kupasuka, na aghalabu huhitaji nati zake yenyewe. Aina yoyote itakayofungwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kabla ya kupakia mzigo wa pili.