Kiboko aliyeua na kiboko kilichochapa

Kamere ni kitongoji kilicho kusini mwa Ziwa Naivasha, si mbali na mbuga ya Hell's Gate. Wakazi wake wengi ama ni vibarua wa mashamba ya maua ama ni wavuvi, na kwa kuwa wametoka pembe nyingi za nchi, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, ufuoni na kwenye ploti. Huko ndiko vijana fulani waliponiomba niipitie tovuti ya kijamii waliyokuwa wakiiandaa, niwanyooshee lugha kabla haijafunguliwa. Nilikubali kwa bashasha. Nilichokifanya ndicho kinachonisumbua leo.

Ukurasa wao muhimu zaidi ulihusu viboko. Ziwa lile lina viboko wengi, na si mara moja wala mbili wamewaua au kuwajeruhi watu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilitaja fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, Sh3 milioni kwa aliyebaki na ulemavu wa kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Kijana aliyeuandika aliupa ukurasa kichwa hiki: "Kiboko akiua mtu, serikali inalipa pesa ngapi?" Nikakifuta. Badala yake nikaandika: "Utaratibu wa Ulipaji Fidia kwa Waathiriwa wa Mashambulizi ya Wanyamapori." Nikamhadhiria pia, eti asithubutu kuandika "wahanga" kwani mhanga ni mtu anayejitoa mwenyewe kafara, naye mvuvi hakujitoa kwa kiboko yeyote. Bado nashikilia hoja hiyo, lakini haikumsaidia mtu.

Miezi ikapita. Siku moja akanipigia. Mama mmoja pale pale Kamere, ambaye mumewe alivunjwa mguu na kiboko, alikuwa amemtuma mwanawe atafute kwenye simu jinsi ya kudai haki yao. Mvulana alihangaika jioni nzima asione kitu. "Mwalimu," kijana akaniambia, "ile kitu yetu iko, lakini ni kama haiko."

Ili kuelewa yaliyotokea, fikiria faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Mtambo wa kutafuta, uwe wa Google au wa kampuni nyingine, hupita katika kurasa za intaneti, ukayaokota maneno na kuyapanga katika faharasa kubwa mno. Ukiandika neno, haukimbii kuzisoma upya kurasa zote duniani; unafungua faharasa hiyo, kisha unaamua ukurasa upi utangulie. Mvulana yule aliandika "kiboko ameumiza baba pesa". Katika ukurasa wangu hapakuwa na kiboko, hapakuwa na pesa, hapakuwa na kuumiza. Tulikuwa tunazungumzia jambo moja kwa maneno yasiyofahamiana.

Kiswahili chenyewe nacho kina ukaidi wake. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha mbinu maarufu ya kuyakata maneno ya Kiingereza mikia ili mtambo utambue kuwa maumbo mbalimbali ya neno ni ndugu. Sisi mabadiliko yetu mengi yako kichwani. Mvuvi, wavuvi, uvuvi, alivua, wanavua: hapa ukikata mikia utabaki na vichwa visivyofanana. Halafu kuvua ni kuvua samaki na pia kuvua nguo. Mitambo ya siku hizi haitegemei kukata tu. Hujifunza uhusiano wa maneno kutokana na matini nyingi. Lakini matini za Kiswahili mtandaoni ni chache mno zikilinganishwa na za Kiingereza, kwa hiyo mtambo unaotuhudumia umesoma kidogo.

Na kiboko je? Mvulana aliletewa habari za walimu na wanafunzi! Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na magazeti hayajachoka kuiandika tangu hapo. Sikio la Mswahili halibabaiki: kiboko aliyeua ni mnyama, kiboko kilichochapa ni cha ngozi. Upatanisho wa kisarufi unamaliza shauri. Ila mtu anapotafuta kwenye simu huandika maneno matupu, bila viambishi vya kumwongoza yeyote, na utata hurudi. Usisahau kiboko wa mitaani pia, yule bingwa asiyeshindika.

Jina la mahali nalo lilikuwa na visa vyake. Tulipoandika "Kamere" peke yake, tuliletewa Vital Kamerhe, mwanasiasa wa Kongo, ambaye sidhani ana habari na viboko wa Naivasha. Tangu hapo kila ukurasa wa vijana hutaja "Kamere, Naivasha" kwa ukamilifu. Kisha kulikuwa na matangazo waliyokuwa wakiyaweka kama picha, mabango ya rangi ya kupendeza. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayasomeki kwa mtambo kwa urahisi kama maandishi ya kawaida, basi tukayachapa upya chini ya kila bango. Na yale yaliyojadiliwa katika makundi ya WhatsApp, hata yakiwa dhahabu, mtambo wa kutafuta hauyafikii.

Tuliketi tukafungua Google Search Console, huduma ya bure inayomwonyesha mwenye tovuti maneno waliyoandika watu wakati kurasa zake zilipojitokeza. Ilikuwa orodha fupi, lakini ilinifunza mengi: "pesa ya kiboko", "KWS inalipa aje", "kiboko wameua mtu". Mtahini angeichafua kwa wino mwekundu. Mimi nilinakili.

Kuna wanaodhani dawa ni kuyarundika maneno hayo yote chini ya ukurasa kama magunia ya viazi. Google huuhesabu ujanja huo kuwa hila na inaweza kuushusha ukurasa. Neno liwekwe mahali linapofanya kazi: katika kichwa, katika swali, katika sentensi inayojibu swali hilo.

Kichwa cha kijana kimerudi kama alivyokiandika. "Fidia" na "waathiriwa" wangu wamehamia aya ya pili, wakiwa na maelezo ya maana yao, kwa sababu mdai atakayefika mbele ya kamati ya kaunti atakumbana na lugha hiyo. Lililobaki ni "kompensesheni". Kijana anasema ndivyo wavuvi wanavyosema ufuoni. Nilibisha kwa siku tatu, kisha nikamruhusu aliandike mara moja.