Vitamini A ya Viwandani: Hukumu ya Matone ya Watoto na Krimu za Ngozi

 

Kila Juni na Desemba wazazi wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, kama wenzao wa Tanzania nzima, huitwa kuwapeleka watoto wa miezi 6 hadi 59 kwenye vituo vya afya wapewe matone ya vitamini A. Wapo Waislamu wanaosita kwa kuwa matone hayo huja ndani ya kapsuli ya jelatini. Kuogopa haramu ni katika taqwa, lakini kusita bila elimu kunaweza kumgharimu mtoto macho yake. Upungufu wa vitamini hii huanza kwa kutoona gizani, kisha macho hukauka, na mwisho huleta upofu. Mtoto pia huwa dhaifu mbele ya surua na kuhara.

Asili yake

Zamani vitamini A ya dawa ilitolewa hasa katika mafuta ya maini ya samaki, na samaki ni halali. Mwaka 1947 Otto Isler na wenzake wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, mjini Basel, Uswisi, waliiunda kwa kemikali kwa njia iliyofaa kiwanda. Kitu kuundwa kiwandani hakukifanyi kuwa haramu, kwani asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili. Swali lililobaki ni la jelatini.

Hukumu ya matone

Maulamaa wamehitilafiana kuhusu jelatini ya nguruwe au nyamafu. Jopo la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilikataza jelatini ya nguruwe katika chakula. Semina ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba ya Kuwait, mwaka 1995, iliona kwamba najisi iliyogeuka kabisa hutoharika, nayo ndiyo istihala wanayoikubali Mahanafi. Madhehebu yetu ya Shafi huibana sana kanuni hiyo.

Mhudumu hukata ncha ya kapsuli kwa mkasi, akamkamulia mtoto mafuta mdomoni, na ganda hutupwa. Mtu atasema: mafuta yamegusa ganda, na kimiminika kikigusa najisi hunajisika. Ni kweli, lakini lazima kwanza ithibiti kuwa ganda ni najisi. Jelatini hutengenezwa pia kwa ng'ombe na kwa samaki, na yakini ya tohara haiondolewi na shaka. Hata ikithibiti, Mashafi wameruhusu kujitibu kwa najisi isiyokuwa pombe halisi, pale ambapo tabibu mwaminifu amesema hakuna kilicho tohara cha kushika nafasi yake.

Kwa hiyo tunaona mzazi asimzuie mwanawe matone haya. Hata katika Ramadhani hakuna tatizo, kwani mtoto mdogo hana faradhi ya kufunga. Pamoja na hayo, viazi lishe, mchicha, mapapai na dagaa wa Ziwa Victoria ni riziki iliyo karibu.

Krimu za ngozi

Retinoli na tretinoini ni za jamii ya vitamini A. Kutibu chunusi kwa ushauri wa daktari kunaruhusiwa, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu. Mkorogo wa kujichubua ni jambo jingine: ni kubadili umbile kwa ajili ya urembo, na humo huchanganywa haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku Tanzania katika vipodozi. Madhara ni haramu kuyaleta.

Krimu iliyopenya kupitia vinyweleo haifunguzi saumu, bali kapsuli iliyomezwa mchana hufunguza. Katika udhu, mabaki ya mafuta hayadhuru ikiwa maji yanafika kwenye ngozi. Tabaka linalozuia maji liondolewe kwanza.

Tahadhari kwa akina mama

Vitamini A ikizidi ni sumu. Dozi ya mtoto wa miezi 6 hadi 11 ni uniti 100,000, na kuanzia miezi 12 ni 200,000. Mjamzito asizitumie kamwe. Isotretinoini ya kumeza huleta ulemavu kwa mtoto aliye tumboni, na krimu za retinoli nazo aziepuke.

Enyi maimamu, lielezeni jambo hili kwenye khutba kabla ya Juni na Desemba. Mtoto ni amana, na macho yake ni sehemu ya amana hiyo.

Wallahu a'lam.