Koklea Inapoitika na Neva Isifikishe Ujumbe

Katika kliniki za masikio huletwa watoto ambao yaliyoandikwa kwenye kadi zao hayapatani na yale wanayoyaeleza mama zao. Kadi inasema mtoto alipimwa masikio kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali na akafaulu. Mama anasema mwanawe ametimiza miezi kumi na haitiki akiitwa. Mlango ukibamizwa, leo hushtuka, kesho hatikisiki. Mhudumu huelekea kuiamini kadi. Ukweli ni kwamba kadi na mama wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Ndani ya sikio mna koklea, kijia kilichojikunja mfano wa gamba la konokono, ambamo seli zenye vinyweleo hupokea mitikisiko ya sauti. Seli za safu za nje huikuza sauti, na katika kufanya hivyo hutoa mwangwi hafifu unaoweza kunaswa kwa kifaa kidogo kilichowekwa kwenye tundu la sikio. Kipimo cha mwangwi huo, kinachojulikana kwa herufi OAE, ni chepesi na cha haraka, na hutumika sana kwa watoto wachanga. Lakini mwangwi hutoa habari za seli za nje tu. Ili mtoto asikie, seli za safu ya ndani hazina budi kuukabidhi ujumbe kwa neva ya kusikia, nazo nyuzi za neva hiyo sharti ziusafirishe kwa pamoja. Ujumbe ukikwama katika makabidhiano hayo, au kila uzi ukiupeleka kwa wakati wake, sauti huufikia ubongo ikiwa imevurugika, mithili ya ngoma inayopigwa na watu wengi bila mdundo mmoja. Mtoto hutambua kwamba pana sauti, kilichosemwa hakitambui.

Arnold Starr na wenzake waliipa hali hii jina mwaka 1996. Mwaka 2008 wataalamu waliokutana Como, Italia, walipendekeza ihesabiwe kuwa kundi la matatizo yenye sura nyingi, kwa kuwa si kila mara neva yenyewe ndiyo inayoumwa.

Baadhi ya watoto huirithi. Kasoro katika jeni ya otoferlini huvuruga makabidhiano tuliyoyataja, na kwa wachache kati yao usikivu huporomoka joto la mwili linapopanda na kurejea homa inaposhuka. Katika nchi zenye malaria mabadiliko hayo ni rahisi kuhesabiwa kuwa madhara ya kwinini, kumbe mzazi ameeleza dalili yenye thamani kubwa. Wengine huzaliwa na neva nyembamba mno au bila neva kabisa. Kundi linalotuhusu zaidi, hata hivyo, ni la waliougua mapema: njiti, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na waliopata manjano makali.

Manjano yanastahili maelezo zaidi, maana hapa madhara yanaweza kuzuiwa. Bilirubini ikizidi sana katika damu ya mtoto mchanga hupenya hadi kwenye ubongo, na njia za kusikia katika shina la ubongo ni miongoni mwa sehemu zinazodhurika upesi. Koklea husalimika, ndiyo sababu mwangwi hupatikana. Kwenye ngozi nyeusi umanjano hujificha. Tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, tena kwenye mwanga wa jua. Macho hayatoshi: penye shaka, damu ipimwe. Umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura. Kumwanika mtoto juani hakuwezi kuchukua nafasi ya tiba ya mwanga wala ya kubadilishiwa damu. Kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hata vidonge vya nafthalini vinavyowekwa kwenye nguo vyaweza kuvunja chembe za damu na kuyazidisha manjano.

Kwa hiyo mtoto aliyelazwa katika wodi ya watoto wachanga mahututi zaidi ya siku tano, au aliyebadilishiwa damu, asipimwe kwa mwangwi peke yake. Anahitaji kipimo cha mwitikio wa shina la ubongo, ABR, ambacho hufuata ujumbe hadi ng'ambo ya neva. Mwangwi ukiwapo na mwitikio huo ukakosekana au ukavurugika, ugonjwa umejidhihirisha. Mtoto asicheleweshwe: kwa miaka mingi mwangwi huweza kutoweka, na hapo tatizo hufanana na uziwi wa kawaida.

Matibabu yanahitaji subira isiyo ya kukaa bure. ABR haielezi mtoto huyu anasikia kwa kiasi gani. Hilo hujulikana kwa kuangalia anavyoitikia sauti, kuanzia umri wa miezi sita hivi. Baadhi ya waliougua manjano au kuzaliwa njiti hupata nafuu katika mwaka wa kwanza au zaidi kidogo, hivyo upasuaji hauharakishwi. Shimesikio hujaribiwa kwanza. Huwafaa wengine, ila huongeza ukubwa wa sauti bila kuinyoosha. Kipandikizi cha koklea, ambacho Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kukiweka mwaka 2017, huichochea neva kwa umeme na kuwasaidia watoto wengi, hasa wenye kasoro ya otoferlini. Kabla yake picha ya MRI huonyesha kama neva ipo.

Katika muda wote huo mtoto apewe lugha anayoweza kuiona. Baadhi ya wazazi huhofu kwamba lugha ya alama itamzuia kusema; hofu hiyo haina msingi. Aliye naye azungumze akimtazama usoni, redio ikiwa imezimwa, kwa kuwa kelele humwia vigumu kuliko watoto wengine.

Barua ya rufaa itaje umri wa mimba alipozaliwa, kiwango cha juu cha bilirubini, siku alizolazwa, na kipimo kipi hasa cha masikio alifaulu.