Siliaki: Tumbo likikataa ngano, usiache chapati kabla ya kupima

Kuharisha kunakuja na kuondoka. Tumbo linajaa gesi, uchovu hauishi, na kila ukipima damu iko chini. Umeshatibiwa amiba, umemeza dawa za minyoo, umeambiwa ni vidonda vya tumbo. Nafuu inadumu wiki mbili, kisha mambo yanarudi yaleyale.

Halafu jirani, au video uliyoiona mtandaoni, inakushauri uache ngano. Unaacha, unapata nafuu, unaona kesi imefungwa.

Subiri kwanza. Kama kinachokusumbua ni ugonjwa wa siliaki, kuacha ngano kabla ya kupimwa kunaweza kuuficha kwenye vipimo. Na huu ni ugonjwa wa maisha, hivyo unahitaji kujua kwa hakika kama unao au huna.

Siliaki ni nini?

Tuanze na gluteni. Hii ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya jamii ya ngano inayolimwa zaidi Ulaya. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika, na mkate uumuke ukawa laini.

Watu wengi wanaila bila shida yoyote. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili inaiona gluteni kama adui, na katika kupambana nayo inaushambulia utumbo mwembamba wenyewe.

Ukuta wa ndani wa utumbo huo una vijisehemu vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za taulo. Kazi yake ni kufyonza virutubisho kutoka kwenye chakula. Siliaki inavilaza na kuvisawazisha, taulo linabaki kama kitambaa kilichochakaa. Hapo unaweza kula sahani nzima na bado mwili ukakosa madini ya chuma, kalsiamu na vitamini.

Siliaki haiambukizi. Pia ni tofauti na mzio wa ngano, ule unaoweza kukuvimbisha midomo au kukubana kifua muda mfupi baada ya kula.

Vinasaba vina mchango mkubwa. Ukiwa na mzazi, mtoto au ndugu wa damu mwenye siliaki, uwezekano wa wewe kuwa nayo ni takriban 1 kati ya 10. Kwa watu wote duniani, makadirio ni karibu mtu 1 katika kila 100.

Dalili zake

Zile za tumbo ndizo zinazojulikana zaidi:

- Kuharisha kwa muda mrefu, au wakati mwingine kufunga choo
- Tumbo kujaa gesi na kuuma
- Kichefuchefu
- Kupungua uzito bila sababu

Lakini wapo wenye siliaki ambao tumbo haliwasumbui kabisa. Kwao ugonjwa unaonekana kwingine:

- Upungufu wa damu usiopona hata kwa vidonge vya madini ya chuma
- Uchovu wa kudumu
- Mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika kirahisi
- Vipele vinavyowasha sana kwenye viwiko, magoti na makalio
- Vidonda vya mdomoni vinavyojirudia
- Ugumu wa kushika mimba au mimba kuharibika mara kwa mara

Kwa mtoto, angalia ukuaji. Mtoto anayekula lakini haongezeki uzito, tumbo limevimba, mikono na miguu imekonda na hana raha, anahitaji kuchunguzwa. Anaweza kudumaa nyumbani ambako chakula kipo.

Shida ni kwamba dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengi tuliyonayo huku: minyoo, amiba, giardia, TB ya tumbo, hata VVU. Kwa hiyo daktari akianza na hayo, yuko sahihi. Cha kujiuliza ni pale unapopewa dawa zilezile mara ya tatu au ya nne na hakuna kinachobadilika. Hapo una haki ya kuuliza: "Daktari, inawezekana ikawa siliaki?"

"Huo si ugonjwa wa Wazungu?"

Hapana. Siliaki ipo Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa India, maeneo ambako ngano ni chakula cha kila siku.

Mfano unaojulikana sana kwa wataalamu unatoka humuhumu barani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Sahrawi, watu wa Sahara Magharibi, ulikuta asilimia 5.6 yao wana siliaki. Hicho ni kiwango cha juu kuliko kile cha nchi nyingi za Ulaya.

Huku Afrika Mashariki, chakula kikuu kwa wengi ni mahindi, mchele, muhogo na ndizi, ambavyo havina gluteni. Lakini angalia siku ya mtu wa mjini leo: asubuhi chai na maandazi, mchana chapati maharage, jioni mkate au tambi. Hiyo ni gluteni mara tatu kwa siku.

Kwa nini usiache ngano kabla ya kupima

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Maabara inatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale gluteni inapokuwepo. Kinachotumika zaidi kinaitwa tTG-IgA. Mara nyingi daktari hupima pia kiwango cha IgA chote mwilini, kwa sababu wapo watu ambao IgA yao ni ya chini kiasili, na kwao kipimo cha kwanza kinaweza kudanganya.

Kikionyesha dalili za siliaki, kwa kawaida hatua inayofuata ni endoskopi. Mrija mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, na vipande vidogo vya nyama vinachukuliwa kwenda kuangaliwa kwa darubini. Hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kenyatta jijini Nairobi zina huduma ya endoskopi.

Sasa, ukiacha ngano, kingamwili zinapungua na utumbo unaanza kupona. Ukipimwa wakati huo, majibu yanaweza kusema huna kitu wakati ugonjwa upo.

Mwongozo wa afya wa Uingereza unashauri mtu ale vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa angalau wiki 6, kabla ya kupimwa.

Kama umeshaacha, usikate tamaa na usijirudishie ngano kimyakimya. Mweleze daktari ukweli: uliacha lini, na ulijisikiaje. Mtapanga pamoja namna ya kurudia, hasa kama dalili zako zilikuwa kali.

Kuna pia kipimo cha vinasaba, ambacho hakijali umekula nini. Kikionyesha huna vinasaba husika, siliaki inakuwa karibu haiwezekani. Ila kikionyesha unavyo, usiogope bado. Watu wengi wanavyo na hawaugui maisha yao yote.

Dawa yake ni chakula

Hadi sasa hakuna kidonge wala sindano ya kuponya siliaki. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Hili lilijulikana wakati wa njaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alishaanza kuishuku ngano miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vilipoiacha Uholanzi bila chakula na mkate ukaadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Dicke alieleza kazi yake kwenye tasnifu ya mwaka 1950, na lishe isiyo na gluteni ikawa ndiyo tiba.

Habari njema ni kwamba inafanya kazi. Wengi huanza kujisikia vizuri ndani ya wiki chache. Utumbo wenyewe huchukua miezi kadhaa, na kwa watu wazima hata zaidi ya mwaka, kupona vizuri.

Habari ngumu ni neno "kabisa". Kipande kimoja cha mkate kina gramu kama 2 za gluteni au zaidi. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 tu kila siku, yaani makombo, zinatosha kuudhuru utumbo wa mwenye siliaki. Kwa hiyo "leo nionje kidogo tu" haipo.

Unakula nini sasa?

Hapa mkazi wa Afrika Mashariki ana bahati. Vyakula vyetu vingi vya asili havina gluteni:

- Ugali wa mahindi, mtama, ulezi, uwele au muhogo
- Wali, pilau na biriani
- Ndizi, viazi, magimbi na mihogo
- Maharage, kunde, choroko, dengu na mbaazi
- Nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa
- Matunda na mboga zote

Huhitaji kukimbilia bidhaa za kuagizwa nje zenye maandishi ya "gluten free" na bei ya kutisha. Ukizinunua, ujue viwango vya kimataifa vinataka bidhaa hiyo isizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo.

Chunga na kitu kimoja. Unga wa ngano wa viwandani Tanzania na Kenya huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki. Ukiuacha, vipate kwingine: maini, dagaa, maharage, mchicha na mboga nyingine za majani.

Na kama maziwa yanakusumbua mwanzoni, mweleze daktari. Utumbo ulioumia unaweza kushindwa kuyasaga kwa muda, na wengi hurudi kuyanywa ukishapona.

Mitego ya mtaani na jikoni

Chapati, maandazi, mahamri, sambusa, kaimati, keki na tambi za kawaida zinajulikana. Tatizo ni gluteni iliyojificha:

- Unga wa atta na mkate wa brauni. Ni ngano ileile, ila haijakobolewa. Suji nayo ni ngano.
- Urojo. Rojo lake kwa kawaida huwekwa unga wa ngano ili liwe zito.
- Bokoboko na uji wa shayiri. Vinapendwa sana Pwani wakati wa futari, na vyote vina gluteni.
- Vitumbua. Asili yake ni mchele, lakini wapo wanaoongeza unga wa ngano. Uliza.
- Unga wa lishe. Mchanganyiko mwingi wa uji wa watoto huwekwa ngano. Ni salama zaidi uchanganye mwenyewe.
- Mashine ya kusaga. Mahindi yako yakisagwa mara tu baada ya ngano ya mwenzako, unaondoka na ngano pia. Tafuta mashine isiyosaga ngano.
- Chipsi. Viazi ni salama, lakini mafuta yaliyokaanga sambusa au maandazi si salama tena.
- Soseji, kababu, mchuzi wa soya na viungo vya pakiti. Soma maandishi ya nyuma kila mara.
- Bia na vinywaji vya kimea. Kimea cha shayiri kina gluteni. Togwa ya ulezi au mtama haina, mradi kimea chake si cha ngano wala shayiri.
- Oti. Zenyewe wengi wanazimudu, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani.

Nyumbani, tenga ubao wa kukatia, mwiko na chujio. Kikaangio cha chapati kisitumike kukaangia mayai yako. Chakula chako kipikwe kwanza, ngano ifuate.

Kwa mama ntilie, swali la "kuna gluteni?" halitakusaidia sana. Uliza hivi: "Mama, samahani, hii supu umetia unga wa ngano? Haya mafuta umekaangia maandazi?" Atakujibu vizuri tu.

Mtoto akiwa shuleni, ongea na mwalimu na mpishi, na umfungashie chakula. Ukialikwa harusini, mpigie mwenyeji mapema. Mwambie ni ugonjwa, usije ukaonekana unaringia chakula cha watu.

Kwa Wakatoliki, hostia hutengenezwa kwa ngano. Barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Njia nyingine ni kupokea divai peke yake. Zungumza na paroko, na umuulize daktari wako kuhusu hiyo hostia.

Na kama majibu yakisema si siliaki?

Hilo linawezekana sana, kwa sababu matatizo mengi ya tumbo hayatokani na siliaki. Inaweza kuwa mzio wa ngano, maziwa, utumbo wenye hisia kali, au maambukizi ambayo bado hayajatibiwa vizuri. Wapo pia wanaosumbuliwa na ngano bila kuwa na siliaki. Kila moja lina njia yake ya kulishughulikia.

Na kama huna tatizo lolote, huna sababu ya kuogopa chapati. Kuacha gluteni hakupunguzi uzito kwa miujiza.

Cha kufanya wiki hii

1. Kama una dalili zilizotajwa juu, endelea kula kama kawaida.
2. Andika unachokula na unavyojisikia kwa siku 7.
3. Nenda na daftari hilo kwa daktari, umwambie na dawa zote ulizokwisha kutumia.
4. Muulize kuhusu kipimo cha tTG-IgA.
5. Ukikutwa na siliaki, washauri wazazi, watoto na ndugu zako wa damu nao wapimwe, hata kama hawaumwi.