Mpiga dramu (muziki wa dansi)

Mpiga dramu ni mwanamuziki anayepiga seti ya ngoma na matoazi katika bendi. Katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki yeye ndiye anayeshika mwendo wa wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Wasikilizaji wengi humjua mwimbaji na mpiga gitaa la solo, lakini mara nyingi mtindo wa bendi huanzia kwa mpiga dramu na wenzake wa besi na rithim. Jambo hilo linaonekana wazi katika historia ya Simba Wanyika, bendi iliyopitia Arusha kabla ya kuvuma nchini Kenya.

Seti ya dramu

Seti ya dramu hupigwa na mtu mmoja aliyeketi, akitumia mikono na miguu yote. Sehemu zake kuu ni:
- dramu kubwa, inayolazwa ubavu na kupigwa kwa pedali ya mguu wa kulia;
- dramu ndogo yenye nyuzi za chuma upande wa chini (sinea), ambazo huipa mlio mkali;
- tomtom, yaani ngoma mbili au zaidi za mlio wa kati na mzito;
- matoazi mawili yanayokutanishwa kwa mguu wa kushoto (haihati);
- matoazi makubwa yanayoning'inia juu ya vyuma.

Seti hii ilizaliwa Marekani, hasa New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo kila ngoma ilikuwa na mpigaji wake, kama ilivyo katika bendi za matarumbeta. Pedali ya mguu, ambayo William F. Ludwig aliitengeneza na kuanza kuiuza mwaka 1909, ilimwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya watu wawili au watatu. Haihati ilifuata katika miaka ya 1920.

Mpiga dramu asichanganywe na mpiga tumba. Tumba ni ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja, na zilikuja kwetu pamoja na muziki wa Kuba. Bendi nyingi za dansi huwa na wapigaji wote wawili.

Kazi katika bendi

Bendi ya dansi husimama juu ya nguzo tatu: dramu, gitaa la besi na gitaa la rithim. Solo, saksafoni, tarumbeta na waimbaji hujenga juu yake. Mpiga dramu ana kazi nne:
- kuanzisha wimbo kwa mwendo unaofaa, mara nyingi kwa kugonga vijiti vyake;
- kuushika mwendo huo usikimbie wala usilale;
- kuwaashiria wenzake kwa pigo fupi kwamba ubeti umekwisha;
- kuongeza moto wakati wimbo unapoingia sebene, ambapo waimbaji hupumzika na magitaa hutawala.

Kazi hii ni nzito kwa mwili, kwa kuwa dansi la ukumbini huweza kuanza usiku na kuendelea hadi karibu na alfajiri. Waimbaji hupokezana, lakini mpiga dramu asiye na msaidizi hukaa kitini wimbo baada ya wimbo.

Asili nchini Tanzania

Watu wa Tanganyika walizoea dramu za Kizungu kupitia bendi za kijeshi za wakoloni. Kutokana na bendi hizo ikatokea ngoma ya beni, ambayo ilienea sana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi, gwaride na muziki. Baadaye zilikuja bendi za dansi za mijini. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Neno «jazz» katika majina haya lilimaanisha muziki wa kisasa wa dansi, si jazi ya Wamarekani weusi.

Baada ya Uhuru, vyama na mashirika ya umma yalianzisha bendi zake. NUTA Jazz Band ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza mwaka 1964, ni mfano mmojawapo. Kwa kawaida vyombo vilikuwa mali ya mwajiri au mwenye bendi. Hali hiyo ilimgusa mpiga dramu kuliko wengine, kwa sababu seti ni ghali na ni mzigo mkubwa. Mara nyingi mpiga dramu aliyehama bendi aliondoka na vijiti vyake tu.

Arusha na safari ya Simba Wanyika

Arusha iko chini ya Mlima Meru, katika njia kuu inayotoka Moshi kwenda Namanga na Nairobi. Nyimbo za jadi za Wamaasai, na za Waarusha ambao ni jamaa zao wa karibu, kwa kawaida hazitumii ngoma. Mwendo hutokana na sauti za waimbaji wanaoitikiana, mihemo ya kifua, kuruka na mlio wa mapambo. Kwa hiyo dramu za bendi zilifika hapa kama sehemu ya muziki wa mjini, pamoja na wafanyakazi na wafanyabiashara wa kutoka mikoa mingi.

Mwaka 1970 ndugu Wilson Kinyonga na George Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walihamia Arusha. Walikuwa wamepigia Jamhuri Jazz Band ya huko kwao. Pamoja na ndugu yao William Kinyonga waliunda Arusha Jazz, lakini hawakukaa muda mrefu. Mwaka 1971 walivuka mpaka hadi Mombasa, na huko bendi ikaja kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1975 walihamia Nairobi.

Sababu moja ya wanamuziki wa Tanzania kuelekea Kenya ilikuwa santuri. Bendi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, na nyimbo zikasikika redioni. Hata hivyo, viwanda vya kufyatua santuri na kampuni kubwa za kuziuza zilikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake makuu Arusha, ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Barabara iliyowapeleka wanamuziki kaskazini ikawa imezibwa.

Rashid Juma na Les Wanyika

Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki waliondoka Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika hapo hapo Nairobi. Miongoni mwao walikuwa:
- Omar Shabani, maarufu kama «Profesa», gitaa la rithim;
- Tom Malanga, gitaa la besi;
- Rashid Juma, dramu;
- Issa Juma, mwimbaji.

John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa kutoka Tanzania, alijiunga nao baadaye.

Orodha hii inastahili kutazamwa vizuri. Rithim, besi na dramu ziliondoka kwa pamoja, yaani nguzo zote tatu za bendi. Ndiyo maana Les Wanyika haikuanza kama bendi changa inayotafuta mtindo. Wimbo wao Sina Makosa ulivuma mwishoni mwa miaka ya 1970, na bado hupigwa katika harusi na kumbi za Afrika Mashariki. Ukiusikiliza, utasikia besi ya Malanga na rithim ya Shabani zikijibizana, huku dramu za Rashid Juma zikienda kwa utulivu bila madoido. Utulivu huo ndio unaowaachia magitaa nafasi ya kusikika.

Simba Wanyika nayo haikufa. Ndugu wa Kinyonga waliijenga upya, na mwaka 1992 ilitoa albamu ya Pepea. George alifariki mwaka huohuo, na Wilson akafariki mwaka 1995.

Kavacha: mtindo uliotoka kwa mpiga dramu

Mfano mkubwa wa mpiga dramu aliyebadili muziki wa nchi nyingi ni Meridjo Belobi wa Zaïko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 1969. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mapigo ya kavacha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni mapigo ya haraka yanayojirudia, hasa katika sinea au haihati, na inasimuliwa kwamba aliyatoa katika mlio wa treni. Katika miaka ya 1970 yalienea hadi Nairobi, yakaingia katika nyimbo za Super Mazembe na za bendi za Wanyika.

Tofauti na muziki wa roki

Katika roki pigo zito la sinea kwa kawaida huangukia hesabu ya pili na ya nne, kama anavyosikika Ringo Starr wa The Beatles katika nyimbo nyingi. Katika dansi mkazo husambazwa kati ya dramu, tumba na magitaa. Tanzania ilikuwa na bendi iliyounganisha roki na midundo ya Kiafrika: Sunburst ya Dar es Salaam, iliyorekodi albamu ya Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976. Naye Stewart Copeland, mpiga dramu Mmarekani wa The Police aliyekulia Kairo na Beirut, alitoa mwaka 1985 albamu ya The Rhythmatist iliyotokana na safari zake Afrika. Kipande chake kimoja kimepewa jina la Serengeti.

Kutajwa kwa majina

Lebo ya santuri ndogo kwa kawaida ilibeba jina la wimbo, la mtunzi na la bendi. Mpiga dramu alitajwa pale tu mwimbaji alipomwita kwa jina ndani ya wimbo. Kwa sababu hiyo, watu wengi wanaoweza kuimba Sina Makosa kwa moyo hawajapata kusikia jina la Rashid Juma.

Arusha ya leo

Tangu miaka ya 1990 mapigo ya nyimbo nyingi hutengenezwa kwa kompyuta. X Plastaz, kundi la hip hop lililoanzia Arusha katika miaka hiyo, liliunganisha mapigo ya studio na uimbaji wa Kimaasai. Hata hivyo, dramu za mikono hazijatoweka. Husikika makanisani, na katika misafara ya harusi mjini, ambapo bendi ya matarumbeta hupanda nyuma ya gari dogo la mizigo. Humo utaona mpigaji mmoja wa dramu kubwa na mwingine wa dramu ndogo, kama ilivyokuwa kabla pedali haijabuniwa.