Je, Mwenye Akili Ndiye Mwenye Mali?



Hapa kwetu Kirua Vunjo husikika kauli mbili. Ya kwanza: "Fulani ni maskini kwa kuwa hana akili." Ya pili: "Fulani hakusoma, mbona ana maduka mjini?" Ya kwanza humdharau fakiri, ya pili humtoa mtoto darasani. Zote mbili zina kasoro.

Tuanze na kihamba. Mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, wakauza kahawa yao kwa pamoja. Fedha ya kahawa ikasomesha watoto wengi. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliozigawia nchi viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ikaanguka vibaya. Je, babu zetu walipungukiwa na akili? La hasha! Akili ilikuwa ile ile, na jembe lile lile. Kilichobadilika ni bei, nayo ilipangwa mbali na mlima wetu.

Huko Marekani, mwaka 2007, mtafiti Jay Zagorsky wa Chuo Kikuu cha Ohio State alitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 7,000. Aliona kuwa wenye alama za juu katika vipimo vya akili hupata kipato kikubwa zaidi kwa wastani, lakini hawakuwazidi wenzao kwa mali. Sababu ni kwamba kipato ni kile kiingiacho, na mali ni kile kibakiacho. Kubakisha kunataka tabia: kuweka akiba, kuacha israfu na kuepuka madeni.

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Qasas, inatueleza habari za Qaruni. Alidai kuwa utajiri wake umetokana na elimu yake mwenyewe. Ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Kwa upande wa pili, Imamu Shafii alilelewa na mama yake, yatima na fukara, naye akawa bahari ya elimu.

Basi, mwanafunzi, soma kwa bidii kwani elimu ni faradhi, nayo hufungua milango ya riziki. Ukipata, usijivune, na utoe zaka. Ukikosa, usijione mjinga. Nanyi wazazi, msimwachishe mtoto masomo kwa sababu ya tajiri mmoja asiyesoma.

Wabillahi tawfiq.