Je, Wajua? Honi ya Feri na Safari ya Hofu Kichwani

Je, wajua kwamba honi ya feri ikilia ghafla pale Likoni, Mombasa, mwili hushtuka kabla hujatambua kilicholia? Kila upande wa ubongo, kwa ndani, kuna amigdala, kijisehemu kidogo chepesi wa kuhisi hatari. Sauti huifikia kwa njia mbili: moja ya mkato, nyingine ya mzunguko inayopitia gamba la ubongo, ambako sauti huchambuliwa. Miaka ya 1980 Mmarekani Joseph LeDoux alifanya majaribio kwa panya walioharibiwa sehemu ya gamba inayopokea sauti. Bado walijifunza kuogopa mlio ulioambatana na shoti ya umeme. Njia ya mkato ilitosha.

Amigdala ikishaiarifu haipothalamasi, sehemu nyingine ya ubongo, adrenalini humwagika kwenye damu. Moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho. Ndipo gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, linapotuliza mambo: ni feri tu, yaondoka. Unajichekea, unashika mkoba wako vizuri.

Si wote wanaojichekea. Hipokampasi, inayohifadhi kumbukumbu za mahali na matukio, nayo ina usemi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Kwa aliyenusurika siku ile, harufu ya maji na mtikisiko wa feri vyaweza kuamsha hofu hata bahari ikiwa shwari. Kumwambia “jikaze” ni kazi bure. Amigdala haisikilizi mawaidha.

Je, wajua pia kwamba hofu haikai amigdala peke yake? Kuna mwanamke Mmarekani ambaye watafiti humwita SM tu. Ugonjwa uliharibu amigdala zake zote mbili, na alishika nyoka bila wasiwasi wowote. Lakini utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba alipovuta hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 35, alishikwa na kiwewe. Kengele ya kukosa pumzi, kumbe, hulia kwingine.

Na gamba lile la mbele huchelewa kukomaa, hadi umri wa miaka ishirini na kitu. Ndiyo maana kijana wa bodaboda wa Kisauni, anayejua fika hatari ya kupenya kati ya malori, hupenya hasa wenzake wakimtazama.